Listi tatu za duka zimekataa kukutana

SWALI: Mambo kaka, pole na kazi. Najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nataka nimsaidie mama hesabu za duka. Nina listi tatu, bidhaa, bei na idadi, nataka kila kitu kikutane na bei yake na idadi yake. Nikijumlisha bei + idadi inaniunganishia tu inakuwa listi moja ndefu. Nikatumia zip, ile inayokutanisha vitu vya listi kimoja kimoja kwa nafasi zake, ikakubali, ila unga hauonekani kabisa na hakuna kosa lolote lililotokea. Shida nini? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na hongera kwa kumkumbuka mama. Alama ya + kwenye listi kazi yake ni kuunganisha, haigusi kimoja kimoja, kwahiyo zip ndo yenyewe, hapo ulipatia. Tuangalie ulichonitumia:

bidhaa = ["sukari", "mchele", "unga"]
bei = [3000, 2800, 2000]
idadi = [4, 10]

for b, p, i in zip(bidhaa, bei, idadi):
    print(b, p * i)

Inatoka sukari 12000, mchele 28000, basi. Umeona idadi ziko mbili tu? zip inaishia pale listi fupi inapoishia, inanyamaza kimya, na kwa hesabu za pesa mimi hiyo tabia siipendi hata kidogo. Kuanzia Python 3.10 ya mwaka 2021 unaweza kuibana hivi:

mistari = list(zip(bidhaa, bei, idadi, strict=True))

Hapo urefu ukipishana inagoma na kosa linaloitwa ValueError, inakwambia kabisa listi ya 3 ni fupi. Weka hiyo list() nje maana bila hivyo lupu (ile for inayorudia) inaprinti sukari na mchele kwanza ndo inakuja kugoma, na pia zip yenyewe ukiipitia mara moja imeisha, ukiirudia inatoka tupu.

Wengine watakwambia tumia zip_longest ya itertools (maktaba inayokuja na Python) yenye fillvalue=0, kwamba pengo lijazwe sifuri. Inafanya kazi lakini kwako hapana, kwasababu sifuri inawekwa mwishoni siku zote, na je kama aliyesahaulika ni mchele sio unga? Ile 10 itakuwa ya unga, imesogea nafasi moja na mchele umebeba namba ya mwenzake, na hakuna zip yoyote duniani itakayojua hilo, hata strict inajua urefu tu, haijui nani ni nani.

Ndo maana ningekuwa wewe ningeacha kuandika listi tatu mbalimbali, ningeandika kila bidhaa na vyake pamoja tangu mwanzo:

mauzo = [("sukari", 3000, 4), ("mchele", 2800, 10)]

Ukisahau namba moja lupu inagoma kwenye bidhaa hiyohiyo. Na siku ukitaka listi zako tatu zirudi, zip(*mauzo) inakutenganishia. Ila kabla ya yote muulize mama ile 10 ilikuwa ya mchele au ya unga.