Redio ya saiti na chaja yake, mambo ninayowaambia vijana siku ya kwanza

Wadogo zangu mnaoingia saiti kwa mara ya kwanza, mtafundishwa grainda, mtafundishwa ngazi, mtavishwa helmeti na kuonyeshwa pa kusimama mzigo ukinyanyuliwa, ila redio hamna atakayewafundisha. Inaonekana ni burudani tu. Asubuhi mtu anaiwasha anaiweka popote, jioni betri inachomekwa kwenye chaja na kila mtu anashika njia yake. Mimi nimeshinda na vyombo vya betri miaka mingi sasa na visa vibaya vya betri nilivyoviona kwa macho yangu karibu vyote vilianza betri ikiwa imewekwa pembeni na hamna mtu anayeitazama, sio ikiwa mkononi mwa fundi. Na redio ndo chombo kinachokaa pembeni kuliko vyote.

Kwanza jua umebeba nini. Ndani ya lile ganda la betri ya 18V inayoendesha redio kuna seli za lithiamu, kila moja ina volti 3.6 za kawaida, zikipangwa tano mstari mmoja ndo unapata 18. Zikijaa kila seli inafika kama 4.2, ndo maana kuna watengenezaji wanaandika 20V kwenye betri ambayo kimsingi ni hiyo hiyo ya 18, lakini usidhani kwa hiyo zinaingiliana, hapana, kila kampuni ina mpangilio wake wa vibati, vile vipande vya chuma umeme unapopitia kuingia na kutoka, na namna yake ya kuongea na chaja. Sasa betri ya 18V yenye 5Ah, yaani ampea-saa 5, imebeba wati-saa 90. Redio inazinywa taratibu siku nzima, hata huihisi ikipata moto. Ila betri ni ile ile uliyochomoa kwenye grainda iliyokuwa inakata nondo saa moja iliyopita, na chuma chochote kikigusa kibati cha chanya na cha hasi kwa pamoja basi umeme unapita wote hapo bila kitu cha kuuzuia.

Niliwahi kufanya kazi na kijana mmoja mchapakazi sana, yeye ndo alikuwa mtunza redio wetu, betri ya akiba alikuwa anaiweka kwenye mfuko wa mkanda wa zana ili asipoteze muda kurudi stoo. Mfuko ule ule una skrubu. Siku hiyo tuko wote ndani tunafunga jipsam, tukasikia harufu ya plastiki inaungua, kabla hatujauliza inatoka wapi yeye kashaanza kuruka anapapasa kiunoni, akafungua mkanda akautupa mbali. Tulipoinama kuangalia, mfuko umetoboka tundu jeusi la duara, na skrubu moja imekaa kama daraja kati ya vibati viwili, imeng'ang'ania kama imechomelewa na imebadilika rangi ya bluu ile ya chuma kilichopata moto sana. Nyonga yake iliungua akakaa nyumbani siku kadhaa. Skrubu moja tu wadogo zangu. Kwa hiyo kile kikava cha plastiki kinachokuja na betri mpya, ambacho kila mtu anakitupa na boksi lake, mimi naomba mkitunze, betri isiyokuwa ndani ya chombo wala kwenye chaja inavaa kava lake, na kama limepotea bandika tepu ya umeme juu ya vibati. Mfukoni na funguo au na sarafu isiingie kabisa.

Halafu kuna kitu kuhusu redio ambacho nilichelewa kukijua. Spika ina sumaku, na sumaku haichagui. Ukiiweka redio karibu na anayekata chuma, vile vicheche na unga wa chuma vinaenda kujikusanya kwenye wavu wa spika, ukisogeza jicho unaviona vimesimama kama ndevu. Vinatoboa karatasi ya spika, sauti inaanza kukwaruza, hilo ni la hasara. La hatari ni kwamba unga huo unashuka hadi kwenye mlango wa betri na unakaa palepale kwenye vibati. Chaja nayo vivyo hivyo, zile njia betri inapoteleza kuingia zikijaa unga wa chuma au vipande vya foili au stili wuli, umeme unapata njia ambayo hukuitengeneza wewe. Weka redio upande ambao cheche haziendi, na chaja ikiwezekana isikae kabisa chumba kimoja na grainda. Kusafisha ni brashi kavu na kitambaa kikavu, chaja ikiwa imechomolewa ukutani na betri ikiwa imetoka. Usitumie petroli wala thina kufutia, plastiki inapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni leo.

Kuhusu maji. Redio nyingi za saiti zimeandikwa IP54 au IP65 na mtu akisoma hivyo anaona ni ya kuogelea. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji, 4 maana yake inavumilia kurushiwa matone kutoka kila upande, 5 inavumilia maji ya bomba yanayopulizwa, hamna hapo iliyoandikwa inazamishwa kwenye ndoo. Na namba hiyo ni ya redio ambayo vifuniko vyote vimefungwa. Ukishafungua kile kiraba cha USB ukachomeka simu, au ukachomeka adapta ya umeme, kinga imeondoka, hiyo sasa ni redio ya kawaida na mvua ikianza ichomoe uiingize ndani. Adapta yenyewe na chaja hazina kinga ya mvua, zimetengenezwa za kukaa ndani pakavu. Nimeona mtu kaweka chaja juu ya sakafu ya zege iliyomwagiwa maji asubuhi, anasema "si iko juu ya kibao", kibao chenyewe kimelowa. Kwenye saiti hakikisha soketi unayotumia inapitia ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampea 30, na kama haipo ulizia bila aibu, hata kama wewe ni wa juzi.

Sasa chaja, na hapa naomba mkae kidogo.

Chaja inapata joto, hiyo ni kawaida yake, inatakiwa ipumue. Ina matundu, mengine chini kabisa na mengine ubavuni, nyingine zina feni. Iweke juu ya kitu kigumu kisichoshika moto, zege au bati au tofali, sio juu ya maranda ya mbao, sio juu ya maboksi, sio juu ya godoro la mlinzi, na koti la mtu lisiwekwe juu yake. Pia isiwe karibu na thina, petroli, gundi ya kunukia wala mtungi wa gesi, maana unapochomeka na kuchomoa kuna cheche ndogo na mvuke wa vitu hivyo hauhitaji zaidi ya hapo.

Betri iliyotoka kwenye kazi nzito ni ya moto, usiikimbize kwenye chaja. Chaja nzuri itakataa, taa itapepesa kuonyesha inasubiri ipoe, kwa sababu ndani ya betri kuna kihisi cha joto na vile vibati vidogo vya katikati ndo vinapeleka habari hiyo kwenye chaja. Hapo ndo napogombana na chaja za bandia. Kwa nje zinafanana, zinajaza, ila baadhi hazisomi joto wala haziangalii seli moja moja, zinasukuma tu. Tumia chaja ya mtengenezaji wa betri yako, yenye volti zake. Na taa ikipepesa subiri, weka betri kivulini dakika 20 au 30, usiitie kwenye maji wala usiifunike kitambaa kibichi, nimeshamkuta mtu anafanya hivyo, kitambaa kinachuruzika ndani ya vibati. Baridi nayo ina yake, chini ya sifuri ya sentigredi usichaji kabisa, lithiamu inaganda juu ya seli kwa ndani badala ya kuingia mahali pake na haitoki tena, na madhara yake unaweza kuyaona wiki nyingi baadaye. Maelekezo mengi yatakwambia chaji kati ya nyuzi 5 na 40, shika hapo.

Usiku usiache chaja inafanya kazi jengo tupu. Najua itakuja hoja ya kwamba chaja inajizima yenyewe ikijaa, ni kweli inajizima, lakini betri iliyoanguka jana kutoka ghorofani haijui habari hizo. Seli inaweza kuumia ndani bila ganda kuonyesha ufa, ikakaa saa nyingi, na inapojazwa ndo inaanza kupata moto wenyewe kwa wenyewe, seli moja inachoma ya jirani, hapo hata ukichomoa waya haisimami. Chaji mchana mkiwepo. Betri iliyoanguka vibaya, au imevimba, au ina harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha, hiyo itolewe nje mbali na jengo, iwekwe juu ya zege, isirudishwe kwenye chaja hata kwa "ngoja nijaribu mara moja". Ikianza kutoa moshi usiusogelee kuuchungulia, ule moshi ni sumu. Piga kelele watu watoke, kata umeme kama swichi iko mbali na moto, ita zimamoto. Maji mengi ndo yanayoipoza baada ya umeme kukatwa, ule unga wa mtungi wa kuzimia moto unazima mwali lakini joto linabaki ndani na inaweza kuwaka tena baadaye watu mkiwa mmeshatulia. Majimaji ya betri yakikuingia jichoni osha kwa maji safi muda mrefu kisha nenda hospitali moja kwa moja, hata kama maumivu yamepungua.

Mnaotumia jenereta, hili wengi hawalijui. Jenereta inapowashwa na inapoishiwa mafuta volti zinapanda na kushuka hovyo, chaja hazipendi. Washa jenereta iache itulie ndo uchomeke chaja, na kabla ya kuizima chomoa kwanza. Waya wa ekstensheni wa kuzungusha kwenye pipa ukunjue wote, ukiacha umejiviringisha na mmechomeka chaja nne pamoja na mashine nyingine unapata joto katikati ambako hamna anayeona.

Redio nyingi ukichomeka kwenye umeme hazichaji ile betri iliyomo ndani, zinapiga tu muziki kwa umeme wa ukutani. Zipo zinazochaji pia, soma kitabu chake ujue yako ni ipi, maana mwingine anaacha betri usiku kucha anadhani inajaa, asubuhi anaikuta vilevile, anaanza kuilaumu betri na kuifungua kwa bisibisi. Betri isifunguliwe. Na ile iliyoshuka mpaka chaja haiitambui usiiamshe kwa kuiunganisha waya na betri nyingine, wapo wanaoonyesha hivyo kwenye video, chaja imeikataa kwa sababu.

Sauti ya redio nayo ni usalama, mimi hili naliona kubwa kama la moto. Kwa kipimo kinachotumika sana, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono na unalazimika kupaza sauti ndo akusikie, mmeshafika huko. Grainda ikianza watu wanapandisha redio ili ishinde, grainda ikizima wanasahau kushusha. Zima redio mashine ikiwaka, washa mkimaliza. Saa ya kunyanyua mzigo au lori linaporudi nyuma redio iwe kimya kabisa, kwa sababu neno "simama" linatamkwa mara moja tu. Na redio isikae ukingoni mwa jukwaa, ni kilo kadhaa hiyo, wala isitundikwe kwenye waya wa umeme, antena yake ndefu ni chuma, ikunje unapopita karibu na paneli ya umeme iliyo wazi.

Jioni toa betri ndani ya redio. Ile saa yake inaendelea kula umeme kidogo kidogo hata ukiwa umeizima, ukiiacha wiki mbili tatu inaweza kushuka mpaka seli ziumie. Ya kukaa muda mrefu iache nusu hivi, isijae wala isiishe, sehemu ya ubaridi na kavu, sio ndani ya gari juani. Zile betri ndogo za AA za kutunza saa na stesheni nazo zitazame, zikizeeka zinavuja ule unga mweupe unaokula springi, zibadilishe zote kwa pamoja usichanganye kuukuu na mpya. Betri kubwa ikifa, funga tepu kwenye vibati, iandike "mbovu" kwa maka peni ili mwingine asiiokote akaichomeka, na iende kunakokusanywa betri chakavu. Isitupwe kwenye pipa la takataka za saiti, maana zile takataka kuna siku mtu anazichoma.