Kinyago kisogoni: ni kweli
Eti kuna watu waliovaa vinyago kisogoni ili kumhadaa chui milia? Ndiyo ndugu, si utani, watu wa Sundarbans walivivaa. Ule ni msitu wa mikoko mpakani mwa India na Bangladesh, na chui milia wa huko wanavuka mito kwa kuogelea. Kwa kawaida humvamia mtu kwa nyuma, ndiyo maana miaka ya 1980 warina asali na wavuvi wa upande wa India walipewa vinyago vya sura ya mtu. Mnyama akidhani unamtazama, anasita. Vilisaidia mwanzoni, baadaye chui milia wakaanza kuishtukia hila (wajanja hawa!). Bangladesh ilihesabu chui milia 125 upande wake wa msitu mwaka 2024, kutoka 114 mwaka 2018. Mrina asali, awe Mhindu au Mwislamu, miguu matopeni na moshi machoni, bado humwomba Bonbibi, roho mlinzi wa msitu.