Kulwa, kuhusu zile chembe zangu

Mwanangu Kulwa,

Hapa Kirumba hatujambo, mama yako anauliza utakuja lini. Juzi kwenye simu uliniuliza, nusu ukitania, ilikuwaje nikamaliza ujana wangu nikichungulia chembe za plastiki ndani ya matone ya maji, fani inayoitwa fizikia ya maada laini, ilhali wenzangu walikimbilia nyuklia na gesi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, basi nakujibu kwa maandishi.

Lilinikamata jambo moja tu. Chukua viduara vya plastiki, vya mviringo kama mpira, vyenye upana wa mikromita moja hivi (sehemu moja ya elfu ya milimita), uvitie kwenye kimiminika. Havivutani, havina gundi. Vinasukumwa tu huku na huko na molekuli, ule mtikisiko alioueleza Einstein mwaka 1905. Sasa viongeze. Vikikaribia nusu ya ujazo wote, vinaanza kujipanga safu kwa safu hadi vinakuwa fuwele, yaani umbo lenye mpangilio kama punje ya chumvi, na ukivimulika vinatoa rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1957 wanafizikia Alder na Wainwright waliona dalili zake kwenye kompyuta, na wataalamu wengi wakagoma kuamini. Wenzao Pusey na van Megen walikuja kulionyesha jambo hilo maabara mwaka 1986.

Shuleni mlikaririshwa kwamba entropia ni vurugu. Hapo ndipo watu wanapokwama. Entropia inahesabu ni kwa njia ngapi vitu vinaweza kukaa. Viduara vikibanana ovyo, kila kimoja kinakabwa na jirani yake. Vikikaa kwa safu, kila kimoja kinapata upenyo wa kujitikisa. Kwa hiyo entropia yenyewe ndiyo inayopanga! Ukitia na chembe ndogo zaidi, zile kubwa zinasukumwa zikae pamoja, jambo ambalo wanasayansi Asakura na Oosawa waliliandika mwaka 1954. Wewe umepanda kivuko cha Kamanga: magunia ya dagaa yakisogezwa yakagusana, abiria wanapata pa kusimama. Ila kwenye tone la maji hakuna kuli.

Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Bibi yako alipotia shabu kwenye ndoo ya maji ya ziwa, alikuwa kwenye fani hiyohiyo. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinafukuzana, ndiyo maana maji hukaa na tope muda mrefu. Shabu inaipooza chaji, chembe zinashikana, zinazama. Maziwa, rangi ya ukutani, wino, hata damu, yote ni maada laini.

Kazi yenyewe, kwa kweli, ni kuosha vioo na kungoja. Chumvi kidogo ikiingia, chembe zinagandana, siku imekwisha. Na pesa? Wa gesi walinizidi, sibishani.

Ile hadubini yangu bado nzima, ila balbu yake imeungua na madukani hapa nimeikosa. Doto atakutumia picha yenye namba zake. Ukija Desemba uje na balbu mpya.

Baba yako