Akiba imepanda, lakini ni kwa sababu ya mradi?

Dada, nimekuelewa: dodoso la wanavikoba wenu wa Mbagala (wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa) linaonyesha akiba imepanda, na mfadhili anauliza kama ni kazi ya mradi. Takwimu hizo pekee hazitoshi. Linganisha na kina mama walioomba kujiunga wakakosa nafasi, maana nao wana ari ileile. Kisha tumia dodoso kuchagua wa kuhojiwa: ambao akiba yao imepanda sana, waliobaki palepale, na hasa waliojitoa. Hao usithubutu kuwaruka. Wahoji mmojammoja, viongozi wasiwepo. Mbele ya mwenyekiti nani atakiri mkopo umemlemea? Simulizi zikigongana na takwimu, usizifiche, rudi ukaulize tena. Kama hamkupima hali ya mwanzo, mwone mtakwimu kabla hujaandika ripoti.