Maswali ya Wasomaji: Hedifoni Kwanza, Amplifaya Pili, Waya Mwisho

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya hedifoni za bei kubwa na vya kuambatana navyo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa kazi yangu ya kila siku hapa Unguja, ya kuhamisha santuri na kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta, na kwa sababu aliyeiandika yuko karibu kutoa pesa nyingi kwa kitu kisichomsaidia.

Swali: Bi Fundi, shikamoo. Niko Maskati, wazee wangu walitoka Unguja. Babu aliacha santuri za taarab, binamu yangu amezihamisha, nami huzisikiliza usiku watoto wakishalala. Nimenunua hedifoni ya Sennheiser HD 650 iliyotumika. Nikiichomeka kwenye simu kwa ile adapta ndogo ya USB-C, sauti inatoka ndogo, haina uhai. Muuzaji mmoja anasema tatizo ni waya, ninunue wa madini ya fedha tupu, na bei yake inakaribia bei ya hedifoni yenyewe. Rafiki yangu naye anasema niiuze hii ninunue HD 800 S. Nishike lipi? — S.H., Maskati

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huo waya uache, na HD 650 usiiuze. Ulichokosa ni volti.

HD 650 ina ukinzani, yaani namna inavyouzuia umeme, wa omu 300, na ukiipa volti 1 inatoa desibeli 103. Adapta nyingi za simu hutoa kati ya nusu volti na volti 1, haziendi zaidi ya hapo. Kwa nyimbo za siku hizi, ambazo sauti hujazwa mpaka pomoni, pengine ungetosheka. Lakini mtu makini akihamisha santuri huacha nafasi juu, ili kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi cha taarab, ikipigwa kwa nguvu au dumbaki likilia ghafla sauti isikwaruze. Kwa hiyo uimbaji wenyewe unakaa chini ya vilele hivyo, pengine kwa desibeli 15 au 20. Ndiyo maana unapandisha simu mpaka mwisho na mwimbaji bado yuko chumba cha pili.

Kila ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6. Tafuta amplifaya ndogo ya mezani inayofikisha volti 4 kwenye omu 300. Hapo vilele vinaweza kufika desibeli 115, na nguvu inayotumika ni miliwati 53 tu, kwa hiyo hauhitaji dude la kujaza meza. Sisemi uzungushe mpaka huko. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na kila ukipanda desibeli 3 saa hizo zinakatwa nusu. Amplifaya unainunua ili kilele cha mara moja kipite kizima huku wewe ukisikiliza kwa sauti ya wastani.

Sasa waya. Wangu wa HD 650, wenye urefu wa mita 3, niliupima kwa mita: kwenda na kurudi ni omu 0.6. Mbele ya omu 300 hasara yake haifiki sehemu 2 za mia za desibeli moja. Fedha hupitisha umeme kuliko shaba, hilo ni kweli, lakini kwa takribani asilimia 6 tu. Yaani anachokuuzia yule bwana ni asilimia 6 ya kitu ambacho tayari hakisikiki.

Nakwambia hivi kwa uchungu, kwa sababu waya wa fedha niliununua mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Usiku wa kwanza ningekula kiapo kwamba kanuni imefunguka. Baada ya wiki mbili nikamwita kijana wangu. Nikajifunga mtandio machoni, yeye akawa anarusha sarafu: kichwa anachomeka waya wa fedha, mkia anachomeka wa shaba. Plagi za HD 650 zina pini mbili, moja nene na moja nyembamba, hazikubali kuingia kinyume, kwa hiyo hakukosea hata mara moja. Kila mara aliniwekea kipande kilekile cha sekunde 40, kitufe cha sauti hakiguswi. Tulifanya mara 20. Nilipatia 11. Pesa ile ingeninunulia sindano mpya za santuri za kunitosha miaka.

Waya una kazi moja kubwa, kuwa mzima. Huku pwani chumvi ya hewani hupenya pale plagi inapoungana na waya. Ukiuchuna unakuta nyuzi za shaba zimegeuka kijani, nyingine nyeusi, na risasi ya kuchomea haishiki hata uipake dawa. Inabidi ukate sentimita kadhaa mpaka ufikie shaba yenye rangi yake, ndipo uchomee upya. Upande mmoja wa hedifoni ukififia na kurudi unapotikisa kichwa, huo ndio ugonjwa wenyewe. Maskati nayo ni mji wa bahari, na hedifoni yako ilishatumika na mwingine, kwa hiyo anza kwa kuukagua huo waya ulio nao.

Nije kwa HD 800 S. Ni hedifoni nzuri mno, na ningekuwa nasikiliza rekodi mpya ya kundi zima la taarab, fidla zimeketi kushoto, akodiani kulia, nai nyuma kidogo, ningeichukua hiyo. Inapanua mahali kuliko HD 650. Lakini wewe una santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na rekodi za umeme za zama hizo juu ya hezi 5,000 au 6,000 hivi hazina muziki wa maana, kuna mchakacho wa santuri tu. HD 800 ya kwanza, ya mwaka 2009, ilikuwa na mwinuko karibu na hezi 6,000. Katika HD 800 S waliupunguza, ila bado ni hedifoni inayoangaza sauti za juu. Utakuwa umelipa ghali ili usikie mikwaruzo vizuri. HD 650 ina tabia ya upole huko juu, na sauti ya mtu inakaa mahali pake. Mimi nikiwa kazini na santuri za zamani, ndiyo ninayoivaa.

Halafu muulize binamu yako mambo mawili. Alitumia sindano gani? Mfereji wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana, unataka sindano yenye ncha ya maikroni 65 mpaka 75 hivi. Ile ya santuri ndefu za baadaye ni ya maikroni 18 hivi, inatambaa chini kabisa ya mfereji kwenye vumbi na takataka. La pili, faili zake ni za stereo? Santuri hizo zilirekodiwa kwa mkondo mmoja. Ukichanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, sehemu ya ule mchakacho inajifuta yenyewe, na mwimbaji anasimama katikati ya kichwa chako badala ya kuyumba. Programu za bure za kuhariri sauti zinafanya hivyo kwa kubofya mara moja. Ukishafanya, utasikia hata vipigio vya vidoleni vya mpiga kanuni vikigusa nyuzi, tatu tatu kwa kila sauti. Anza na hili kesho, kabla hata ya amplifaya, maana halina gharama.

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Kaka yangu amehama akaniachia amplifaya yake ya valvu, ile yenye taa za kioo. Mimi natumia iyafoni zangu za ndani ya sikio, zile zenye spika ndogo kadhaa kila upande, zilizonigharimu sana. Kwenye simu zinaimba vizuri. Kwenye valvu zinanguruma chinichini na muziki umegeuka, kama si nyimbo nilizozizoea. Imeharibika? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Marahaba. Haijaharibika, vitu hivyo viwili vimekutanishwa vibaya tu. Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zina ukinzani mkubwa upande wa kutoka, omu 120 si ajabu. Iyafoni kama zako ukinzani wake haukai mahali pamoja, kwenye sauti fulani ni omu 10, kwenye nyingine 40. Piga hesabu ya hizo mbili nyuma ya omu 120 na utaona sehemu moja ya muziki inashuka desibeli 10 zaidi ya nyingine. Hiyo si ladha ya valvu, ni muziki uliopindwa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa kutokea wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa iyafoni za omu 10 unataka kitu cha omu 1 au chini yake, na simu yako huenda tayari iko hapo. Na mngurumo unausikia kwa sababu iyafoni hizo ni nyepesi kuamshwa.

Usiiuze lakini. Amplifaya hiyohiyo ukiipa hedifoni ya omu 300 kama HD 600 au HD 650 inatulia. Hedifoni hizo hufika karibu omu 500 kwenye besi, kwa hiyo besi inaongezeka kama desibeli 1 hivi, na watu wengi, mimi nikiwemo, tunaipenda joto yake. Hedifoni ya Beyerdynamic DT 880 nayo imetengenezwa ya omu 32, ya 250 na ya 600. Hapo ungechukua ya 600.

Swali: Habari Bi Fundi. Nimeweka akiba ninunue hedifoni ya Hifiman Susvara. Nimesoma ni ya omu 60 tu, kwa hiyo nadhani amplifaya yangu ndogo, ambayo inaisukuma HD 600 bila shida, itaiweza kirahisi. Pia naomba kujua kama waya wa balansi una faida. — J.M., Nairobi

Jibu: Njema, kaka. Subiri kidogo kabla hujalipa. Omu peke yake haikuambii ugumu wa hedifoni, angalia na desibeli zake kwa kila miliwati. Susvara ni 83. Kuifikisha kilele cha desibeli 110 unahitaji miliwati 500, yaani volti 5.5 kwenye omu 60. Kwa kilele hichohicho, hedifoni ya omu 300 kama HD 650 inaridhika na miliwati 17. Ni tofauti ya karibu mara 30. Angalia kijitabu cha amplifaya yako, tafuta nguvu yake kwenye omu 60 au angalau 32, si kwenye 300. Ikiwa haifiki wati 1, weka akiba zaidi kwa ajili ya amplifaya. Mimi ningekuwa na bajeti ya kuchagua kimojawapo, ningebaki na hedifoni nyepesi kidogo iliyolishwa vizuri.

Balansi, yaani kila sikio kuwa na nyaya zake mbili na kila waya amplifaya yake, ina faida ikiwa amplifaya yenyewe imeundwa hivyo, kwa sababu tundu la milimita 4.4 au la XLR ya pini nne mara nyingi hutoa volti mara mbili ya lile la kawaida. Faida inatoka kwenye amplifaya, waya unaipitisha tu. Ukilinganisha matundu mawili, kumbuka hilo la pili lina desibeli 6 zaidi, na sikio la binadamu hukiona kilicho juu kuwa ndicho bora. Lishushe kwanza. Na tafadhali sana, usitumie kiunganishi cha kutoka tundu la balansi kwenda pini ya kawaida yenye mistari miwili. Kinaunganisha nyaya mbili za hasi ambazo kila moja ina amplifaya yake nyuma, na unaweza kuichoma mashine siku hiyohiyo. Kinyume chake, waya wa balansi kwenda tundu la kawaida, hakina madhara.

Swali: Bi Fundi, mimi huvaa ushungi, na hedifoni zangu za kufunga naziweka juu yake. Mume wangu akivaa anasema besi ipo tele, mimi siisikii. Je, masikio yangu yana tatizo, au ninunue amplifaya yenye nguvu? — Mama wawili, Tanga

Jibu: Masikio yako ni mazima, dada yangu. Hedifoni za kufunga zinategemea mto wake ushike ngozi pande zote. Kitambaa kikikaa katikati, hewa inavuja, na besi ndiyo ya kwanza kuondoka. Hakuna amplifaya ya kuirudisha. Ukiwa nyumbani weka hedifoni kwanza, mtandio mwepesi juu yake. Ukiwa nje, iyafoni za kuingia ndani ya sikio, chini ya ushungi, zitakufaa kuliko hedifoni yoyote ya mamilioni, ila jaribu saizi zote za vile vimpira mpaka upate inayoziba. Ukivivaa vizuri utajua papo hapo, sauti yako mwenyewe itakuvumia kichwani.

Angalia na mito yenyewe. Kwa unyevu wa Tanga ngozi bandia hubanduka magamba, na mafuta ya nywele huiharakisha. Ikishalala bapa, spika inasogea karibu na sikio na sauti inabadilika. Mito mipya ya modeli yako huuzwa peke yake. Inavuliwa kwa kidole, usitumie bisibisi, maana nyuma yake mna kitambaa chembamba kinacholinda spika.