Maswali na majibu: Rimoti imelia, lakini mlango umefungwa kweli?

Wiki hii maswali karibu yote ni ya loki, rimoti na buti, na sababu naiona. Tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza gari zenye miaka 15 na zaidi, gari zinazoshuka kwenye bondi (yadi za kuuzia gari zilizoagizwa) za Kampala sasa nyingi ni za kuwasha na batani, ufunguo unakaa mfukoni tu, na mtu analipa pesa yote anaondoka bila kuonyeshwa hata mara moja namna ya kuifunga. Mimi nafanya umeme wa magari hapa Kampala. Nimefungulia watu wengi waliokuwa wamesimama nje ya gari yao wenyewe wanalia, kwa hiyo najibu kama ninavyowaelezea wateja wangu pale pale kando ya gari.

Swali: Niliegesha Ntinda, nikabonyeza rimoti huku natembea, kurudi nakuta laptopu haiko na begi haiko. Kioo kizima, loki haina hata mkwaruzo. Waliingiaje? (Dada wa Ntinda)

Pole sana dada. Uwezekano mkubwa ni kwamba gari haikufungwa kabisa. Kuna kidude kidogo kinatoa mawimbi ya masafa yale yale ya rimoti, mwizi anakaa nacho karibu na parking, wewe unabonyeza, rimoti yako inaongea lakini gari haisikii kitu juu ya kelele ile, na wewe tayari umegeuza mgongo unaenda. Yeye hana haja ya kuvunja, anavuta mlango tu kama gari ni yake.

Kwa hiyo usibonyeze ukitembea. Simama, bonyeza, angalia taa za hazadi ziwake, sikia milango ikigonga "tak", alafu vuta kitasa kwa mkono. Sasa hapa kwenye kuvuta kitasa gari za smati, hizi za ufunguo wa mfukoni, zinachanganya watu, maana ukiwa na ufunguo mfukoni ukagusa kitasa cha dereva sensa inakutambua na inafungua tena, bas mtu anaamini loki imeharibika. Vuta mlango wa nyuma, kwa gari nyingi mlango wa nyuma hauna sensa, ukikataa ujue imefunga. Toyota nyingi pia zinakupa sekunde kama tatu baada ya kufunga ambazo hazifungui hata ukigusa, ni za kujaribu hivyo hivyo. Na buti nayo ivute, watu wanasahau buti.

Kitu ingine ambacho kimeshika wateja wangu: ukifungua kwa rimoti alafu usifungue mlango wowote, gari nyingi zinajifunga zenyewe baada ya kama nusu dakika. Nzuri dhidi ya wezi, mbaya kama umefungua ukaweka ufunguo kwenye buti ukaifunga, ukidhani milango bado iko wazi.

Swali: Usiku saa tano, mvua, niko Malaba, gari imekataa kabisa kunijua. Nililala gesti na gari iko nje. Kumbe ningefanya nini? (Mzee wa mizigo, Malaba)

Mzee wangu, pole kwa mvua. Betri ya ufunguo ilikufa, na ulikuwa na ufunguo wa chuma mkononi bila kujua. Chukua hiyo rimoti yako, tafuta kaswichi kadogo pembeni au nyuma, kasukume, vuta, itatoka funguo nyembamba ya chuma. Tundu lake liko kwenye kitasa cha dereva, gari zingine wamelificha chini ya kifuniko cha plastiki kwa hiyo papasa chini ya kitasa. Alam inaweza kulia ukifungua hivyo, usiogope. Ingia, kanyaga breki, chukua rimoti yenyewe uiguse kwenye batani ya kuwashia, kwa Toyota ni ule upande wenye nembo, ukisikia mlio bonyeza batani. Inawaka hata betri ya ufunguo ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu ndani kuna chipu inayopata nguvu kutoka kwa gari yenyewe ukiisogeza karibu hivyo.

Jaribu kesho mchana nyumbani mara moja. Gari zingine hilo tundu halijaguswa miaka kumi, lina vumbi na kutu, bora ujue sasa.

Betri nyingi ni CR2032 au CR1632, zote volti 3, namba imeandikwa kwenye ile ya zamani, ibebe uende nayo dukani. Na naomba kwa moyo wote: usiiache mezani. Mtoto akimeza betri ya hivyo na ikakwama kwenye koo inaweza kumuunguza vibaya kabla saa mbili hazijaisha. Usimtapishe, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali.

Swali: Mtoto akijifungia ndani na ufunguo uko naye, nimpigie fundi au nivunje? (Mama wa watoto watatu, Jinja)

Mama, vunja.

Nitakuambia kwa nini nasema hivyo bila kuzungusha. Siku moja mchana niliitwa petroli stesheni njia ya Mukono. Mtoto wa mwaka na nusu hivi, mama alikuwa amempa rimoti achezee ili anyamaze, akafunga mlango wa nyuma azunguke upande wa dereva, na kabla hajafika mtoto akabonyeza. Nilipofika walikuwa wamehangaika na waya wa hanga kama dakika ishirini. Jua lile la saa saba, vioo vyote juu. Mtoto alikuwa ameacha kulia, nywele zimelowa zimeshika paji la uso, rimoti bado iko mkononi na macho yanafumba. Watu wanabishana bei ya kioo. Nikachukua chuma cha jeki, nikaenda upande wa mbali na yeye, nikapiga kioo cha mlango wa mbele kwenye kona ya chini, kikamwagika chote kama punje za chumvi. Mama aliingia kwa lile dirisha mwenyewe, hakungoja nifungue mlango. Mtoto alipona, lakini sitaki kufikiria dakika kumi zaidi.

Watafiti wa Stanford walipima hii kitu, matokeo yakatoka 2005: ndani ya gari iliyofungwa juani joto linapanda kwa wastani kama digrii 22 za selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa, asilimia 80, ni ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo karibu hakusaidii. Na mwili wa mtoto mdogo unapata moto mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko wa mtu mzima.

Piga kona, usipige katikati, katikati kioo kinadunda. Usipige kioo cha mbele kikubwa, kile kina plastiki ndani, kitapasuka tu na hakitatoka. Wakati wewe unavunja mwingine apige 999 au 112. Kioo cha mlango utapata Kisekka, soko la spea hapa Kampala, hata cha mtumba.

Na rimoti siyo toi. Najua inanyamazisha, hata wangu waliitaka, lakini mpe kitu kingine.

Swali: Mimi ni dereva wa speshali haya (teksi ya kukodi). Kwenye jamu ya Clock Tower wanafungua mlango wanatoa begi ya abiria. Lakini nikiloki naogopa, ikitokea ajali watanitoaje? (Dereva, Kampala)

Loki, kaka. Loki tu unapoanza safari, na vioo vipandishe juu, simu isikae kwenye dashi karibu na dirisha la upande wa boda. Hiyo hofu ya kufungiwa naisikia kila wiki. Mlango uliofungwa loki una nafasi nzuri zaidi ya kubaki umefungwa gari ikigongwa, na mtu akibaki ndani na mkanda wake ana usalama kuliko aliyetupwa barabarani. Gari nyingi zenye eabegi zinafungua loki zenyewe zikigongwa kwa nguvu. Alafu kwa gari nyingi mlango wa mbele ukivuta kitasa cha ndani unafunguka hata kama umeloki. Jaribu yako leo, ukae, uloki, uvute, ujue.

Mlango wa nyuma ni habari nyingine. Fungua uangalie ubavuni karibu na loki, kuna kaswichi ka watoto, kakiwa kamewekwa abiria hawezi kufungua kutoka ndani kabisa. Ukibeba watoto weka, ukibeba watu wazima toa. Na kama gari yako ni ya Ulaya kuwa makini, zingine ukiifunga na rimoti kutoka nje hata vitasa vya ndani vinakufa, kwa hiyo usimfungie mtu anayekusubiri ndani hata kama unaenda kununua maji tu.

Angalia pia gari yako inafanya nini ukiweka P. Zingine zinafungua milango yote minne hapo hapo, na wale vijana wanazijua.

Swali: Nimesikia kuna mashine inaiba gari ufunguo ukiwa chumbani kwako. Ni kweli ama ni stori? (Ndugu wa Kabalagala)

Ni kweli ndugu. Ufunguo wa smati haulali. Gari inatoa mawimbi yanayofika kama mita moja tu, ufunguo ukisikia unajibu, mlango unafunguka. Wezi wawili wanakuja, mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba na kifaa, mwenzake karibu na gari, vile vifaa vinabeba mazungumzo kutoka hapa mpaka pale, gari inaamini umesimama kando yake. Watafiti wa ETH Zürich waliionyesha 2011 kwa modeli 10 za kampuni 8 na zote 10 zilidanganyika. Na injini ikishawaka haizimi ufunguo ukiwa mbali, imetengenezwa hivyo kwa usalama isije ikazima ukiwa barabarani.

Usiweke ufunguo kwenye meza ya karibu na mlango au dirisha. Uweke ndani ya kopo la bati lenye kifuniko cha bati, alafu nenda na kopo mpaka kwenye gari ujaribu mlango, ukifunguka kopo hilo halifai tafuta lingine. Toyota nyingi za karibuni zina njia ya kulaza ufunguo: shikilia batani ya kufunga, bonyeza ya kufungua mara mbili, taa ndogo iwake mara nne, tayari umelala, ukibonyeza batani yoyote asubuhi unaamka. Na ile pingu ya chuma ya usukani bado naipenda sana, hakuna mawimbi yanayoifungua.

Swali: Bwana yangu alishuka Iganga na ufunguo mfukoni, mimi nikaendelea na gari. Nilizima Mukono kuweka mafuta, haikuwaka tena! (Dada wa Busia)

Ndo hiyo niliyosema hapo juu, inaendelea kwenda lakini ukizima hairudi. Ule mlio uliousikia Iganga ulikuwa unakuambia ufunguo umeshuka. Kila mnapobadilishana dereva ufunguo uonekane kwa macho. Na kama gari ilikuja na ufunguo mmoja tu kutoka bondi, tengeneza wa pili sasa, bado una mmoja. Ukiwa hauna hata mmoja kazi inakuwa kubwa na bei inaruka. Mwambie fundi akiwa na mashine afute kwenye kumbukumbu ya gari funguo zote ambazo hauna mkononi.

Swali: Nabeba matooke kutoka Masaka, buti haifungi nafunga na kamba. Kuna shida? (Mfanyabiashara)

Kuna shida kubwa. Gari ikitembea na buti wazi, moshi wa ekzosi unavutwa kurudi ndani, na ile gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Unaanza na kichwa kuuma na usingizi, unadhani ni uchovu wa safari. Punguza mikungu au tafuta pikapu. Kama lazima ufike na iko hivyo, fungua vioo vya mbele vyote, weka feni ya gari ivute hewa ya nje, na mtoto asikae nyuma.

Swali: Watoto wa jirani wanachezea kombolela kwenye gari yangu mbovu, mmoja alijificha kwenye buti. Inaweza kufunguliwa kutoka ndani? (Mwalimu, Mbale)

Mwalimu, asante sana kwa kuuliza kabla. Marekani mwaka 1998, ndani ya wiki chache tu, watoto 11 walikufa kwa kujifungia kwenye buti, na hawakuibwa na mtu, walikuwa wanacheza. Baada ya hapo wakatunga sheria: kuanzia Septemba 2001 kila gari mpya ya saluni inayouzwa kule iwe na kamkono kanakong'aa gizani ndani ya buti, ukikavuta inafunguka. Sheria hiyo ni ya kule, zetu zimetoka Japan, kwa hiyo usidhani iko. Fungua buti mchana, angalia upande wa ndani wa mfuniko. Usimfungie mtu ndani kujaribu.

Kama hakuna, na gari yenyewe haitembei, leo leo toa betri, funga milango yote na buti na ufunguo wa chuma, ufunguo ubaki nao wewe. Kama siti za nyuma zinalala ziinue zishike, maana wanapitia hapo. Au mwite fundi atoe kabisa kile chuma cha loki ya buti, mfuniko ubaki haushiki, ni kazi ya spana namba kumi na dakika chache.