Jibu: Wachuuzi wa samaki na mpango mpya wa ufuo wa Kisumu

Pole, dada. Nimekuelewa: mnakaanga samaki karibu na bandari ya zamani, na sasa wapima ardhi wanapita bila kuwaambia lolote. Msingoje kuitwa kuonyeshwa michoro iliyokwisha kukamilika. Andikeni barua wiki hii kuomba ramani na ripoti ya athari kwa mazingira. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inawapa haki hiyo ya kupata taarifa. Kisha mchore wenyewe: boti zinatia nanga wapi, maji, kivuli, choo. Kwetu wahandisi walianza kusikiliza walipouona mchoro wetu. Tunzeni nakala za barua zenye mhuri. Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Leseni ya mazingira ya mradi wenu wa ufuo ikitolewa, tafuteni wakili upesi. Rufaa ya kuipinga ina siku 60 tu.